Rufaa huandaliwa kabla kesi haijafunguliwa

Bi Hawa Mohamed alishindwa kesi yake. Wengi hulisahau jambo hilo, kwa sababu jina lake limegeuka kuwa jina la ushindi, na tangu mwaka 1983 mawakili wa Tanzania wanaogombania mgawanyo wa mali baada ya talaka wamekuwa wakilitaja karibu kila kesi. Alikuwa mama wa nyumbani aliyeachika. Hakuwa na mshahara wala risiti ya mfuko wa saruji, ila alikuwa amepika, amefua na kuitunza nyumba kwa miaka yote ya ndoa, na akadai kwamba kazi hiyo nayo ihesabiwe.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Je, kazi ya jikoni ni kazi ya aina hiyo? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema ndiyo, wengine wakisema mke aliyebaki nyumbani alikuwa anatimiza wajibu wake wa ndoa tu. Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyotolewa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi: kazi za nyumbani ni mchango. Kisha majaji wakageukia ushahidi. Wakakuta kwamba mume alikuwa amempa mkewe fedha za kuanzisha mradi kwa faida ya familia, naye akazitapanya. Wakaona fungu lake alikwisha kulichukua. Rufaa ikatupwa.

Katika miaka niliyoandika habari za mahakamani, sijaona kesi inayoieleza vizuri zaidi kazi ya wakili wa madai na rufaa. Hoja ya sheria ilishinda, ukweli wa kesi ukashindwa, na ukweli huo haukujengwa mbele ya majaji wale watatu. Ulijengwa chini kabisa, Mahakama ya Mwanzo, mahali ambapo enzi hizo wakili hakuruhusiwa kumsimamia mteja. Kilichofika juu kilikuwa maandishi ya hakimu. Majaji wa rufaa hawakuiona sura ya shahidi yeyote. Walisoma.

Nasisitiza kusoma kwa sababu watu wetu humpima wakili kwa mdomo. Tunataka anayenguruma, anayemtoa shahidi jasho. Mawakili wa jinai ndio wanaojaza kurasa zetu za mbele, nami nimechangia kuzijaza. Wakili wa madai, anayegombania kiwanja, mkataba wa mkopo, mirathi au fidia ya mguu uliovunjwa na basi, hufanya sehemu kubwa ya kazi yake mezani, peke yake, na kalenda pembeni.

Njia ya kuifikia kazi hii ni ndefu. Elimu ya sheria ya chuo kikuu nchini ilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Leo vyuo vinavyotoa shahada hiyo ni vingi, lakini shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Tangu kuanzishwa kwa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kwa sheria ya mwaka 2007, mhitimu hupita pale Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, darasani na kisha mafunzoni mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Si kila anayeingia hutoka salama. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba katika mkupuo mmoja wa wanafunzi 633 waliofaulu masomo yote walikuwa 26 tu. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengi walilaumu taasisi, wengine wakalaumu vyuo. Kwa ninavyoona, lililojitokeza pale ni kwamba kijana anaweza kumaliza miaka yote ya chuo bila kuandika hati moja ya madai inayoweza kusimama.

Baada ya kufaulu, mhitimu huomba kwa Jaji Mkuu, hukubaliwa, jina lake huingizwa kwenye Orodha ya Mawakili, na hujiunga na Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954. Siku ya kuapishwa ni ya joho jeusi, vitambaa vyeupe shingoni na wazazi waliosafiri kutoka mikoani. Kesho yake kazi inaanza, na kwa miaka kadhaa kazi hiyo ni masijala: kufuatilia faili, kusahihisha viambatisho, kusimama mbele ya hakimu kwa niaba ya mkubwa wa ofisi na kuomba shauri liahirishwe.

Vijana huona kazi hizo ni za kitumwa. Nadhani wanakosea. Anayejua jalada linavyopita kutoka dirisha la kupokelea hadi meza ya jaji anajua mahali linapoweza kupotea.

Sasa tuchukue mfano wa kawaida kabisa. Mjane ana kiwanja Kigamboni. Shemeji yake amekiuza, mnunuzi ameshajenga msingi. Mama anafika ofisini na mfuko wa plastiki wenye karatasi: barua ya ofa, stakabadhi za kodi ya ardhi, picha ya harusi, cheti cha kifo. Wakili mchanga atamuuliza nini kilitokea. Wakili aliyekomaa atamuuliza kwanza kilitokea lini. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 12 kwa madai ya kurejesha ardhi, miaka 6 kwa madai ya mkataba, na miaka 3 kwa mengi ya yale yatokanayo na madhara, kama ajali au kashfa. Muda ukipita, hata haki iliyo wazi kama jua mlango wake umefungwa, na upande wa pili hautahitaji shahidi. Utasimama na pingamizi la awali.

Pingamizi la awali lina historia yake. Mwaka 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanzania kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika, iliamua kesi ya Mukisa Biscuit na kuweka kipimo ambacho mawakili wa nchi zote tatu wanakitumia mpaka leo: pingamizi liwe hoja tupu ya sheria, linalosimama hata kama kila alichodai mwenzako ni kweli. Kama linahitaji ushahidi, si pingamizi. Majaji walikwishachoshwa na mawakili waliokuwa wakiita kila kitu pingamizi. Zaidi ya miaka 50 baadaye bado wanalalamika.

Halafu inakuja hati ya madai. Kanuni inayowatesa wengi ni kwamba mtu hufungwa na alichokiandika. Usichokidai kwenye hati hukipati kwenye hukumu, na jambo usiloligusa Mahakama Kuu huwezi kulizua Mahakama ya Rufani, isipokuwa liwe la kisheria, kama vile mamlaka ya mahakama kusikiliza shauri. Kwa hiyo wakili anayeijua rufaa huandika hati ya madai huku akiwaza majaji watatu ambao pengine wataisoma miaka sita baadaye, bila mama yule kuwepo kuwaeleza alichomaanisha.

Kabla ya ushahidi kuna upatanishi. Tangu mwaka 1994 utaratibu wa mahakama zetu unawataka wadaawa wakae kwanza na mpatanishi, na wakili mzuri huuchukua kwa uzito, maana kesi ya ndugu kwa ndugu ikimalizwa mezani hubakiza walau salamu misibani. Wapo wanaoufanya kuwa siku ya kunywa chai tu, wakisubiri mpatanishi aandike kwamba umeshindikana. Mteja ndiye anayelipia chai hiyo.

Ushahidi ukianza, macho ya wasikilizaji huenda kwa shahidi. Mtazame wakili. Nilikaa siku moja nyuma ya mmoja wa wale wakongwe Mahakama Kuu, Dar es Salaam, akimwongoza shahidi kutoa mkataba wa mauziano. Shahidi alieleza karatasi ile ni nini, ameipataje, anaitambuaje. Wakili akaomba ipokelewe. Upande wa pili ukasema hauna pingamizi. Jaji akasema imepokelewa, akageukia shahidi aendelee. Mzee yule hakukaa. “Mheshimiwa Jaji, kwa unyenyekevu, naomba kielelezo kipewe alama na kigongwe muhuri kabla hatujaendelea.” Jaji akaandika namba ya kesi, majina ya wadaawa, tarehe, akasaini. Zoezi zima halikumaliza dakika mbili, na waliokuwa ukumbini walikuwa wakitazama simu.

Dakika hizo zina uzito wake. Katika kesi ya JICA dhidi ya Khaki Complex, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba waraka ambao haukupokelewa rasmi kuwa kielelezo hauwezi kutegemewa, hata kama upo ndani ya jalada. Nakala iliyoambatishwa kwenye hati ya madai ni kiambatisho, haijawa ushahidi. Nimeona watu wakiamini wamethibitisha umiliki wao kwa sababu hati ilikuwa kwenye faili tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeitoa mahakamani. Mahakama hiyohiyo imewahi kufuta mwenendo mzima wa mashauri kwa sababu mashahidi hawakuapishwa, au kwa sababu aliyesikiliza hakusaini mwisho wa ushahidi wa kila shahidi. Kosa si la mdai wala la mdaiwa, lakini wao ndio wanaorudi mwanzo, na baadhi ya mashahidi wao wamekwisha kufa.

Wakili wa rufaa anayo shida nyingine ambayo umma hauijui. Kwa miongo mingi shahidi alisema kwa Kiswahili, na jaji akaandika kwa Kiingereza, kwa mkono, kadiri alivyowahi. Maneno ya shahidi yalifika juu yakiwa yamepita kwenye akili na kalamu ya mtu mwingine. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ikaacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapohitaji. Mabadiliko hayo yanakwenda polepole kuliko yalivyotangazwa, kwa kuwa sheria nyingi na karibu maamuzi yote ya zamani yako kwa Kiingereza, na wakili anayeandika hoja hulazimika kuishi katika lugha mbili kwa siku moja. Hata hivyo mdaawa sasa anaweza kusikiliza kesi yake mwenyewe na kuielewa. Kwangu hilo ni jambo kubwa, na sioni kwa nini lisubiri hadi watu wote wawe tayari.

Siku ya hukumu, mshindi hukumbatia ndugu zake. Kwa aliyeshindwa, saa imeanza kuhesabu. Anazo siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani. Ndani ya siku hizohizo 30 aandike barua kwa Msajili kuomba nakala za mwenendo, hukumu na dikrii, na nakala ya barua hiyo ampelekee mpinzani wake. Rufaa yenyewe ifunguliwe ndani ya siku 60 tangu taarifa ile. Siku ambazo Msajili alizitumia kuandaa nakala huondolewa kwenye hesabu, lakini kwa cheti anachokitoa mwenyewe, na cheti hicho kikikosewa tarehe, rufaa inayumba. Ukisahau kumpelekea mpinzani nakala ya barua, siku hizo hazikuhusu tena.

Aliyechelewa huomba aongezewe muda, na hapo hukutana na kesi ya Lyamuya Construction, iliyopangilia vigezo: eleza muda wote wa kuchelewa, usiwe umepitiliza, onyesha ulifanya bidii, au onyesha kuna uharamu katika uamuzi wenyewe. Kila siku iliyopotea itolewe hesabu yake. Mahakama zimeshikilia pia kwamba uzembe wa wakili, au kutojua kwake sheria, kwa kawaida si sababu ya kutosha. Hapa ndipo kazi hii inaponitisha. Daktari akikosea, angalau mgonjwa huhisi maumivu akauliza. Wakili akipitisha siku ya 30, mteja yuko nyumbani anaamini rufaa yake inaendelea, na atajua miezi mingi baadaye kwamba nyumba ilikwishaondoka siku ile.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1979, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977 kuiacha nchi bila chombo cha juu cha rufaa. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa ukali wa karatasi. Kumbukumbu ya rufani, lile kabrasha lenye faharasa, hati za madai na utetezi, mwenendo, vielelezo, hukumu, dikrii na taarifa ya rufaa, ilipokosa ukurasa, au dikrii ilipobeba tarehe tofauti na ya hukumu, rufaa iliondolewa. Mtu alisubiri miaka akatoka ukumbini asubuhi ileile bila kusikilizwa. Mawakili wa kizazi kile walikuwa mabingwa wa kuwinda kasoro kwenye kabrasha la mwenzao, na wengine walijenga majina kwa kazi hiyo. Sioni cha kujivunia hapo.

Mwaka 2018, Sheria Namba 8 iliingiza kanuni ya lengo kuu, ambayo mawakili wameipachika jina la oksijeni: mahakama itazame haki ya msingi kuliko ufundi wa taratibu. Mwaka huohuo, katika kesi ya Yakobo Magoiga Gichere, Mahakama ya Rufani iliitumia na kukataa kuangusha uamuzi kwa kasoro isiyomdhuru mtu. Kanuni zilirekebishwa pia, sasa mrufani anaweza kuruhusiwa kuleta kumbukumbu ya nyongeza yenye nyaraka zilizokosekana. Lakini majaji wameonya mara kwa mara kwamba oksijeni haifufui rufaa iliyofunguliwa nje ya muda wala isiyo na taarifa ya kusudio. Anayeitegemea kuficha uvivu wake hugundua haraka.

Siku ya kusikilizwa yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Hoja za maandishi zilikwishawasilishwa, jopo la majaji watatu limesoma. “Waheshimiwa Majaji,” anaanza wakili, na pengine hamalizi sentensi ya pili kabla hajaulizwa swali. Ukurasa wa ngapi wa kumbukumbu? Shahidi yupi alisema hivyo? Kama sababu yako ya tatu ya rufaa ni sahihi, ya kwanza inasimamaje? Aliyelisoma jalada hujibu kwa namba ya ukurasa. Asiyelisoma huanza hotuba, na anayetazama uso wa jaji wa katikati anaelewa mapema rufaa inakoelekea. Wapo mawakili ambao hufika na sababu 14 za rufaa. Wale niliowaona wakisikilizwa kwa makini huziacha 11 pale pale na kubaki na tatu.

Kuna heshima ya pekee katika kazi hii, nayo ni wajibu wa kuiambia mahakama sheria hata inapokuumiza. Wakili akijua upo uamuzi unaompinga, anapaswa kuutaja, kisha aeleze kwa nini kesi yake ni tofauti. Siku hizi maamuzi yapo wazi kwenye mtandao wa TanzLII, bure, hivyo kuficha ni upumbavu juu ya kuwa kosa. Zamani ripoti za kesi zilikuwa kwenye makabati ya ofisi chache za Dar es Salaam, na wakili wa Songea au Bukoba aliingia mahakamani akiwa nusu mikono mitupu. Nadhani hakuna badiliko lililowasaidia mawakili wa mikoani kuliko hilo.

Lisilobadilika vya kutosha ni bei. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, nao wanafanya kazi kubwa vijijini, lakini msaidizi hawezi kusimama Mahakama ya Rufani. Mjane wetu wa Kigamboni akifika huko bila wakili, atapewa nafasi ya kuzungumza, majaji watamvumilia, watamuuliza kwa upole. Kisha wakili wa mnunuzi atasimama na kusema kwamba barua ya ofa ya mjane haikupokelewa kuwa kielelezo. Ofisi kubwa za mawakili nchini zingeweza kila moja kubeba rufaa chache za namna hii kwa mwaka bila malipo, zikawapa vijana wao wazibebe chini ya usimamizi. Wanaolalamika kwamba vijana hawajui kusimama mbele ya majaji watatu ndio haohao wasiowapa nafasi ya kusimama.

Baada ya Mahakama ya Rufani hakuna ngazi. Mteja aliyeshindwa huuliza, “Wakili, sasa tunakwenda wapi?” Kipo kinachoitwa mapitio, yaani kuiomba mahakama hiyohiyo iutazame upya uamuzi wake, lakini sababu zake ni chache mno: kosa la wazi usoni mwa kumbukumbu lililosababisha haki kupotoka, kunyimwa haki ya kusikilizwa, uamuzi usio na uhalali wowote, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu iliyopatikana kwa ulaghai au ushahidi wa uongo. Maombi mengi ya mapitio hutupwa kwa sababu ni rufaa iliyovaa jina jingine. Wakili anaweza kuyafungua hata hivyo, achukue ada, amwache mzee auze ng’ombe wa mwisho. Au anaweza kumkalisha na kumwambia, “Baba, tumefika mwisho, kalipe gharama na umalizane na watu.” Mawakili wanaosema hivyo na kuiachia ada hiyo ninawajua kwa majina, na ndugu zangu wakiwa na kesi ninawapeleka kwao.